Siku ya Kukandwa

Wiki iliyopita niliahidi kuandika juu ya mbegu za mboga, na najua kuna waliokwisha kutengeneza vitalu wakiningoja. Mbegu zitasubiri wiki moja. Kuna jambo limenipata, na tangu lilipotokea sijaweza kutulia nikaandika juu ya lingine.

Yaya wangu, ambaye wengi mnamjua kwa beseni lake la ndagala, ana binti anayeishi Kanada. Mwezi uliopita binti huyo alituma franga kwa simu, na nyuma ya franga akatuma ujumbe wa sauti: hizi si za minervali, si za mabati, wala si za dawa ya mtu. Ni za mama kuvuka mpaka aende Bujumbura, kwenye hoteli moja yenye hamamu, akaoshwe, akandwe, apumzike siku nzima, kisha arudi. Na aende na mtu wa kumsindikiza. Akataka picha pia, kwa kuwa anamjua mama yake.

Yaya akanipigia simu saa ile ile. "Mdogo wangu, huyu mutoto baridi imemuingia kichwani. Nilipe mutu juu anisugue? Niko na mikono yangu mbili!" Halafu akaanza hesabu. Dola 60 kwa watu wawili, bila usafiri. Kwa dola 60 angejaza mtaji wa ndagala, angelipa deni la bidoni za mafuta, na mtoto wake wa mwisho angesoma mpaka Pasaka bila kufukuzwa darasani. Sikuwa na jibu, maana hesabu yake ilikuwa sahihi. Nilimwambia tu kwamba franga hizo si zake, ni za binti yake, na mwenye franga amekwisha kuzipa kazi. (Nakiri kwamba nilijua msindikizaji angekuwa nani.)

Niwaambie kidogo juu ya mgongo wa yaya. Usiku ule wa Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika na kubeba nyumba za watu wetu, yaye ni mmoja wa waliotoka na watoto tu. Kesho yake alianza kuchimbua matope kutafuta sufuria. Nyumba aliyojenga baadaye, mawe yake mengi aliyabeba mwenyewe. Tangu hapo hajapumzika: alfajiri Kalundu kungoja mitumbwi, mchana juani kuanika, jioni sokoni, usiku kuhesabu. Analala ubavu mmoja tu. Akiulizwa anasema, "Mgongo unaongea, lakini mimi simujibu." Kwenye kituo cha afya alipewa vidonge na akaambiwa asibebe vitu vizito. Alicheka mpaka muuguzi naye akacheka.

Basi siku ya safari tulifika Kavimvira mapema. Karatasi, foleni, muhuri, Gatumba, kisha daraja la Rusizi ambapo yaya hunyoosha shingo kila mara kutafuta viboko na kila mara hawaoni. Katika mfuko wake alikuwa amebeba sabuni yake, kikwembe cha kujifutia, na jiwe lake la kusugulia visigino, limefungwa kwa plastiki. Nilimuuliza jiwe la nini. "Wakiwa hawana," akasema.

Hoteli sitaitaja, nisije nikaonekana nimelipwa. Ni mahali pa sakafu inayong'aa hadi unaogopa kukanyaga. Tulipewa kanzu nyeupe nzito na ndala za kitambaa. Dada aliyetupokea alianza kwa Kifaransa. Yaya akamjibu kwa Kiswahili, na yule dada akatabasamu akageuza lugha. Kumbe ni mtoto wa Buyenzi, na mtu wa Buyenzi ukimwongelesha Kiswahili umemkuta nyumbani kwake. Toka hapo hakutuita tena "madame". Alituita mama.

Kabla ya kuingia popote alituuliza maswali, na hili nalisema polepole kwa ajili ya kila anayesoma. Kuna mwenye mimba? Kuna mwenye presha, ugonjwa wa moyo, kisukari? Kuna aliyepasuliwa karibuni? Kuna aliyekunywa pombe leo? Kwenye swali la mimba yaya alisema, "Labda ya mwaka wa 2001." Lakini mimi nina presha, na nilitaka kunyamaza ili nisikose. Nikasema. Akanijibu kwamba kwenye mvuke nitakaa dakika chache tu karibu na mlango, nikisikia kizunguzungu nitoke, na ninywe maji. Joto kali hufungua mishipa ya damu na kufanya moyo ukimbie. Mtu mzima wa afya hana shida, lakini mwenye moyo dhaifu anaweza kuanguka. Mwenye mimba naye asiingie kabisa, hasa miezi ya kwanza, kwa kuwa mwili wa mama ukichemka sana mtoto tumboni hana pa kukimbilia. Mwenye kisukari ambaye miguu yake imekufa ganzi anaweza kuungua asijue.

Chumba cha mvuke ni kidogo, kimejengwa kwa vigae mpaka darini, kina benchi za kukalia, na ukungu wa moto umejaa hivi kwamba sikumwona yaya aliyekuwa umbali wa mkono. Kulikuwa na harufu ya mkaratusi. Tulikaa kimya. Kisha nikasikia sauti yake kutoka katika ukungu:

"Mdogo wangu. Hii si kujifukiza?"

Nikacheka mpaka nikakosa pumzi. Ni kujifukiza. Ni sufuria ile ile ya mama, majani ya mwembe na mlimao na mkaratusi na sitroneli, na blanketi juu ya kichwa, na sisi watoto tukilia kwamba tunakufa, na yeye akisema kaa, kaa, jasho bado. Tofauti ni kwamba hapa blanketi limejengwa kwa vigae na lina bei.

Baada ya mvuke tulisuguliwa. Unalala juu ya meza ya jiwe yenye joto, unamwagiwa maji ya vuguvugu kwa bakuli, na dada anavaa glovu ngumu mkononi anakusugua kuanzia miguuni. Ngozi kuukuu inatoka kwa vipande virefu vya kijivu, kama ugali uliogandia sufuria. Mimi niliona haya. Yaya hakuona haya, alitazama vipande vile akasema, "Vumbi ya Uvira nimeileta mpaka Burundi na sikuilipia ushuru."

Nisimame hapa nieleze kidogo, maana tulipokuwa tukingoja zamu ya kukandwa tuliongea na yule dada juu ya neno hili, hamamu. Ni neno la Kiarabu, na lilikwisha kuingia katika Kiswahili zamani. Mjini Zanzibar kuna mtaa mzima unaoitwa Hamamni, kwa sababu Sultani Barghash, aliyetawala kutoka 1870 hadi 1888, alijengesha hapo bafu la watu wote. Si la nyumba yake, la mji. Baba yake, Seyyid Said, alikuwa amejenga lingine dogo pale Kidichi shambani mwaka 1850, kwa ajili ya mke wake wa Kiajemi. Leo yote mawili hayana maji tena, wageni huyatazama tu. Lakini fikirini: katika miaka ile ile misafara ya Zanzibar ilikuwa inafika Ujiji na kuvuka mpaka huku kwetu. Burton na Speke walipofika Uvira mwaka 1858 wakiuliza habari za Rusizi, walifuata njia ambayo wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekwisha kuikanyaga. Njia hiyo ilitubebea maumivu mengi, pembe na watumwa, na ilitubebea pia lugha ninayowaandikia. Hamamu haikufika. Sijui kama ningeipokea kwa mkono ule uliobeba minyororo, lakini nilifikiri hivyo nikiwa nimekaa na kanzu yangu nyeupe.

Na kwingine bafu la namna hii si jambo la matajiri hata kidogo. Huko Moroko kila mtaa wa zamani una hamamu yake, mama huenda na binti zake na ndoo zake na sabuni yake nyeusi, na mara nyingi moto unaopasha maji hupikiwa pia. Wanasuguana migongo wenyewe kwa wenyewe. Ufini, nchi ya baridi, sauna ilikuwa chumba safi kuliko vyote nyumbani, chenye maji ya moto tayari, kwa hiyo kwa vizazi vingi wanawake walijifungulia humo; mwaka 2020 UNESCO iliandika utamaduni wao wa sauna katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Pwani ya Zanzibar na Mombasa, bibi arusi husuguliwa singo siku kabla ya ndoa, mchanganyiko wa vitu vya kunukia kama karafuu, waridi na liwa, na wanaomsugua ni wanawake wa nyumbani.

Hata ziwa letu lina bafu lake. Ng'ambo, upande wa Rumonge nchini Burundi, kuna maji ya moto ya Mugara yanayotoka ardhini yenyewe, na watu wenye maumivu ya viungo huenda kukaa ndani yake. Na chini ya maji ya Tanganyika kwenyewe, kule Pemba kusini ya mji wetu na kwenye rasi ya Banza, ncha ya Ubwari, wataalamu waliopiga mbizi kati ya mwisho wa miaka ya 1980 na mwanzo wa miaka ya 1990 walikuta chemchemi zinazotoa maji ya nyuzi zaidi ya 50. Mungu amewasha jiko chini ya ziwa na sisi tunaoga maji baridi.

Narudi kwa yaya.

Chumba cha kukandwa kilikuwa na vitanda viwili, pazia, na mshumaa. Mafuta yalikuwa ya kunukia, lakini yaya aliyanusa akauliza kama hawana mise. Dada akasema hapana, mama, lakini kwetu Buyenzi tunatumia. Tulilala kifudifudi. Mimi nilikandwa na dada mwingine, na sina la kusema zaidi ya kwamba nilisinzia na kukoroma, nikaambiwa.

Niliamshwa na sauti ya kilio. Si kilio cha msiba. Kilikuwa kidogo, kama cha mtoto aliyekwisha kulia na kubaki na kwikwi. Niliinua kichwa. Dada wa Buyenzi alikuwa ameacha kukanda. Mikono yake miwili ilikuwa imelala tu juu ya mgongo wa yaya, katikati, bila kusonga. Nikauliza, amekuumiza? Yaya akatikisa kichwa.

Baadaye, tukiwa tumekaa na chai, aliniambia. Mara ya mwisho mtu kumshika mgongo kwa wema ilikuwa mwaka 2001, alipomzaa kitinda mimba wake, na mama yetu akaja na sufuria ya maji na kitambaa, akamkanda siku baada ya siku, akimwambia usinyanyuke, mtoto nitamshika mimi. Mama alikufa mwaka uliofuata. "Tangu pale," akasema, "watu wanagusa mgongo wangu juu ya kuweka muzigo tu."

Nimeliandika neno hilo kama alivyolisema.

Tulirudi jioni. Mpakani yaya alinunua ndizi kwa watoto kama mtu aliyetoka sokoni, na jirani alipomuuliza ametoka wapi akasema, "Bujumbura, kulikuwa na shida kidogo." Picha aliyomtumia binti yake haina machozi, amevaa kanzu nyeupe na ameshika jiwe lake la visigino mkononi kama rungu la mfalme.

Kwenye mkutano wetu wa Jumatano nilisimulia, kwa ruhusa yake. Nilitegemea mcheke, na mlicheka. Kisha mama mmoja wa kati yetu, ambaye ni mkunga wa siku nyingi, akauliza swali ambalo lilitunyamazisha: kwa nini sisi tunamkanda mwanamke akizaa tu? Akizaa, mji wote unachemsha maji. Akimaliza uzazi, akiwa na miaka arobaini, hamsini, sitini, mifupa inauma kuliko zamani, nani anachemsha maji? Wengine tuliangalia chini.

Si wote waliokubali. Mama mmoja alisema kikundi cha akiba si mahali pa kuchezea maji, na kama kuna bidoni za ziada zipelekwe kwa wakimbizi waliojaa kwenye mashule. Sikubaliani naye, lakini siwezi kusema amekosa, na nataka wasiokuwepo wajue kwamba lilisemwa. Mwingine alisema bwana wake atauliza ni mambo gani wanawake wanafanya wamejifungia. Huyo tulimjibu aje na bwana wake mpaka mlangoni, aone sufuria, kisha arudi nyumbani kushika watoto.

Tukaamua kujaribu: Jumamosi moja, uani kwa mmoja wetu, kuanzia saa nane mchana, bila kugusa akiba. Kila mtu alete bidoni moja ya maji, kikwembe chake na kuni mbili. Naandika namna tulivyofanya kwa ajili ya vikundi vingine vilivyouliza.

Maji tulichota kwenye bomba la REGIDESO, na siku lilipokauka tulichota ziwani na kuyatia dawa pale wanapotia klorini, tukayachemsha. Hili si la mchezo katika mji wetu. Kipindupindu hakiangalii kama maji ni ya kunywa au ya kuoga. Tone moja likiingia mdomoni limeingia. Kila mtu na beseni lake au lioshwe kwa sabuni katikati. Kitambaa hakiazimwi.

Mvuke tulifanya kwa sufuria na blanketi kama zamani, sufuria iwe chini imara, mbali na watoto, na mtu akae pembeni. Kila mwaka watoto wanaungua kwa sufuria za namna hii. Mwenye presha (mimi) alijifukiza uso tu. Na mvuke ni wa ngozi na pua na kifua. Najua kuna wanaokaa juu ya sufuria ili "kusafisha" sehemu za siri, au wanaingiza majani na sabuni. Mkunga wetu alisema waziwazi mbele ya wote: huko ndani kunajisafisha kwenyewe, na unachoingiza kinaleta jeraha na ugonjwa.

Kusugua tulitumia masalio ya kahawa, sukari kidogo na mafuta ya mise. Kwa miguu, jiwe.

Juu ya kukanda, mkunga alitushika muda mrefu, na ninamshukuru, maana tuliyorithi si yote mazuri. Mgongo, mabega, miguu, mikono: kanda, pole pole, kwa kiganja na kidole gumba, ukiuliza kila mara kama inauma. Juu ya mfupa wa uti wa mgongo usibonyeze. Kanda pembeni yake. Mguu mmoja ukiwa umevimba, una joto na unauma, usiukande kabisa, mwende kituo cha afya. Kwa mzazi, maji ya moto sana tumboni hayatoi "damu chafu". Yanaunguza ngozi, na kusukuma tumbo la aliyepasuliwa kunaweza kufumua kidonda. Mzazi anayetokwa damu nyingi, mwenye homa au kichwa kinachopasuka hakandwi, anapelekwa hospitali mara moja. Kitambaa cha vuguvugu mgongoni na miguuni, mtu wa kumshikia mtoto, na chakula cha moto, hivyo havijamdhuru mzazi yeyote.

Kuna jambo moja hatukulipanga, lilijipanga lenyewe. Mama mmoja alikuja, akaleta maji yake na kuni zake, akakaa kwenye mkeka, na zamu yake ilipofika akasema hapana. Hakusema kwa nini. Kati yetu wapo walioguswa kwa ubaya wakati wa vita, na wapo walioguswa kwa ubaya katika nyumba zao wenyewe, na si kila mmoja amefika Panzi kwa daktari Mukwege au amepata mtu wa kumsikiliza. Tulimwekea beseni la maji ya moto, akatia miguu yake mwenyewe, akakaa hivyo mpaka jioni. Jumamosi iliyofuata alikuja tena. Miguu tena. Hatukuandika sheria nyingi, lakini hii tuliiandika: anayesema hapana haulizwi, na zamu yake haipotei.

Gharama? Hakuna aliyetoa zaidi ya kahawa na mafuta. Chai alileta yule aliyesema kikundi si mahali pa kuchezea maji. Alisema amekuja kuangalia tu kama kuni zinaharibiwa.

Na yaya? Jumamosi ya kwanza alikuja wa kwanza, akakunja mikono ya blauzi, akawakanda watu tisa. Ana mikono mizito na mizuri, ya mtu aliyegeuza ndagala juu ya mchanga miaka thelathini. Tulipomwambia alale naye, akasema yeye amekwisha kukandwa, tena kwa dola, na hawezi kula mara mbili. Jumamosi ya pili alisema vivyo hivyo, na akaongeza kwamba kuna mtu anamngoja sokoni, wakati soko lilikuwa limekwisha kufungwa.

Jumamosi iliyopita alichelewa. Alikuja kutoka Kalundu na beseni kichwani, akalitua karibu na mlango, akanawa mikono. Kisha akatoa jiwe lake mfukoni, akaliweka mbele ya mkunga, akafungua kikwembe mabegani na kulala kifudifudi kwenye mkeka kabla mtu hajasema kitu.

"Musinivunje," akasema. "Kesho kuna mitumbwi."